Miwani yako ya VR inashika nini? Trakingi ya kichwa kwa mtu wa simuleta anayecheza amekaa

Jumamosi moja mchana mpwa wangu alikuwa anatua Entebbe, Entebbe ya kwenye simuleta, pale sebuleni kwangu Kireka. Anatokea upande wa ziwa, anaifuata njia ya kutulia ndege namba 35, ndege ndogo ya Cessna, spidi iko sawa, amevaa miwani ya VR, ile inayokufanya ujione uko ndani ya mchezo, na jamaa watatu wamekaa kwenye kochi wanamwangalia kupitia tivii kubwa ya ukutani. Ghafla akasema, "Mjomba, mbona nimekaa juu ya dashibodi?" Nikaangalia tivii, kweli, macho yake yamepita usukani yako karibu kugusa kioo cha mbele, na mwenyewe hajasogea hata kidogo, mgongo umeegemea kiti vilevile. Akabonyeza kitufe cha kurudi katikati, akakaa sawa, dakika chache baadaye yuko tena kwenye kioo. Akavua miwani amelowa jasho, tumbo limevurugika, akaenda kukaa nje kwenye ngazi apate hewa.

Nilidhani miwani imeharibika. Haikuwa imeharibika, na kujua kilichotokea kulinichukua wiki kadhaa za kusoma na kujaribu, manake kila ukiuliza "miwani gani ina trakingi nzuri" unapewa jina la miwani, na jina halikusaidii kama hujui hiyo trakingi, yaani kufuatilia kichwa kilipo, inafanyaje kazi. Mi sasa hivi nikiulizwa nauliza kitu kimoja tu: ili ijue kichwa chako kiko wapi, hiyo miwani inashika nini? Inashikilia ukuta? Inashikilia taa? Au haishiki chochote inakisia tu? Ukishajua inashika nini unaanza kujua itakuangusha lini.

Tuanze na kichwa chenyewe. Ukiwa umekaa kwenye kiti, kichwa kinaweza kugeuka kushoto na kulia, kuinama na kuinuka, na kulalia bega. Hayo matatu ni ya kuzunguka. Alafu kinaweza kusogea mbele na nyuma, kwenda pembeni, kupanda na kushuka, matatu mengine ya kuhama. Zile boksi za kuchomeka simu, na viti vingi vya kutikisika vya sehemu za burudani, vinajua yale matatu ya kuzunguka tu. Na watu husema ah, mi nimekaa, siendi popote, matatu yananitosha. Hayatoshi kabisa. Macho yako hayako katikati ya shingo, yako mbele yake, kwa hiyo hata kugeuka tu kuangalia kioo cha pembeni macho yanahama sentimita kadhaa. Na ukifika junction kwenye gari la simuleta, nguzo ya kioo imekuziba, unataka kuchungulia kama kuna boda inakuja, unasogeza kichwa na nguzo inasogea na wewe kama imegundishwa puani. Ubongo unajua kichwa kimehama, macho yanasema hakijahama, na tumbo ndo linalipa.

Sasa kwa nini kujua kuhama ni kugumu hivyo. Ndani ya kila miwani kuna chipu yenye jairoskopu, inayopima mzunguko, na akselerometa, inayopima mchapuko, na chipu hii ni nyepesi sana, inapima mamia ya mara kwa sekunde, kwingine hadi 1000. Ila ni nyepesi na msahaulifu. Akselerometa haijui uko wapi, inajua tu kasi yako inabadilika vipi, kwa hiyo kompyuta inajumlisha mara moja ipate kasi, inajumlisha tena ipate umbali, na kila kosa dogo linajumlishwa mara mbili pia. Chukua kosa la mita 0.01 kwa sekunde kwa sekunde, kitu kidogo ambacho mwili wako hauwezi kukisikia. Baada ya sekunde 10 kompyuta inaamini umehama nusu mita. Baada ya dakika moja inaamini umehama mita 18, yaani umeshatoka sebuleni uko kwa jirani. Ndo maana hakuna miwani duniani inayotumia chipu peke yake kujua umehama, haiwezekani hata chipu iwe ghali vipi.

Kwa kuzunguka chipu inajitahidi zaidi, kwa sababu mvutano wa dunia unaiambia chini ni wapi, kwa hiyo kuinama na kulalia bega vinajirekebisha vyenyewe. Kugeuka kushoto na kulia hakuna kinachoirekebisha. Vifaa vingine huongeza dira ndogo ya sumaku, lakini mtu wa simuleta amekaa ndani ya fremu ya vyuma, amezungukwa na mota ya usukani na spika, hiyo dira inachanganyikiwa. Kwa hiyo ukiona chumba cha rubani kinageuka polepole upande mmoja, nusu saa baadaye unaendesha umekaa upande kama abiria wa boda aliyevaa sketi, jua kifaa chako hakijashika kitu chochote cha nje.

Kwa hiyo lazima kuwe na shahidi wa pili. Chipu inasema haraka haraka, shahidi wa pili anakuja nyuma yake anasahihisha. Huyu wa pili mara nyingi ni mzito kidogo, lakini anakumbuka. Tofauti ya mifumo yote sokoni ni huyu shahidi wa pili ni nani.

Siku hizi wengi wanatumia kamera zilizo kwenye miwani yenyewe. Quest, miwani za Meta, zilianza hivyo 2019, Quest 3 ya 2023 inafanya hivyo, PSVR2 ya PlayStation ya 2023 inafanya hivyo na tangu 2024 inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta kwa adapta. Kamera zinaangalia chumba, zinachagua alama: kona ya fremu ya picha, ukingo wa meza, swichi ukutani, alafu zinafuata zile alama. Alama zikisogea kulia, miwani inajua wewe umeenda kushoto. Hakuna cha kufunga ukutani, unakaa unacheza. Mi naupenda mfumo huu na kwa watu wengi hapa kwetu ndo ningewashauri, lakini uelewe umeikabidhi miwani chumba chako, na chumba kikiwa kibaya trakingi inakuwa mbaya.

Turudi kwa mpwa wangu. Ukuta wa mbele yake ulikuwa mweupe mtupu, nimepaka rangi mwaka jana, safi hauna hata msumari, kitu pekee chenye alama kilikuwa tivii. Na tivii ilikuwa inaonyesha mchezo wake mwenyewe! Yaani kamera zinatafuta kitu kisichosogea, zinakuta ukuta hauna kitu, zinaishika tivii, alafu ndani ya tivii ardhi ya Entebbe inakuja mbele. Miwani ikaamini yeye ndo anaenda mbele. Nilizima tivii, jamaa wa kwenye kochi wakanung'unika, na shida ikapungua palepale. Ikaisha kabisa nilipochukua kitenge cha mke wangu chenye maua makubwa tofauti tofauti nikakibana ukutani kwa pini, pande zote nne, kimekaza. Kukaza ni muhimu, pazia linalopepea ni kama ile tivii tu, linadanganya. Feni ya dari pia, kama iko kwenye mtazamo wa kamera. Na mtu wa simuleta ana shida hii kuliko anayecheza amesimama, manake yule anageuka huku na huku chumba chote kinaonekana, wewe masaa mawili unaangalia ukuta mmoja, ukuta huo ndo kila kitu.

Mwanga nao. Kamera zikikosa mwanga zinaacha kuona alama, na miwani inarudi kwenye chipu peke yake, yale matatu ya kuhama yanakufa. Sasa hapa Kampala umeme ukikatika usiku na wewe kompyuta iko kwenye UPS, ile betri ya akiba, unaona skrini inawaka unadhani umesalimika, kumbe taa ya chumba imezimika na trakingi imeondoka nayo. Dawa ni ndogo sana, chomeka taa moja ya mezani kwenye UPS ileile. Sijaona mtu anaitaja na imeniokoa mara nyingi. Wengine hutumia taa za infraredi za kamera za ulinzi, zile za nanomita 850, macho hayaoni isipokuwa wekundu kidogo lakini kamera za miwani nyingi zinaona vizuri, chumba kinabaki giza na trakingi inafanya kazi.

Alafu kuna kumetameta kwa taa. Umeme wetu ni wa Hezi 50, kwa hiyo balbu ya bei rahisi inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Quest zina mpangilio wa masafa ya trakingi, 50 au 60, na kama miwani yako imetokea Marekani, ambako umeme ni wa 60, hakikisha iko kwenye 50 au kwenye kujichagulia yenyewe. Ukiona dunia inatetemeka kidogo hata ukiwa umetulia kabisa, anzia hapo kabla hujalaumu miwani.

Jua la mchana kupitia dirishani ni adui wa mifumo yote. Lenzi za miwani zikielekezwa kwenye jua hata kwa muda mfupi zinachoma skrini ya ndani, inabaki na doa la kudumu. Ifunike ukimaliza.

Sasa Lighthouse. Huu ni wa HTC Vive ya 2016, Valve Index ya 2019, Bigscreen Beyond ya 2023 na nyingine. Hapa miwani haina kamera ya kutafuta alama. Unafunga visanduku viwili ukutani, kila kimoja kinafagia chumba kwa mistari ya leza isiyoonekana, na miwani ina vidude vidogo vinavyohisi mwanga. Leza ikipita kidude kimoja alafu cha pili, miwani inahesabu tofauti ya muda inajua iko wapi. Giza si kitu, ukuta mtupu si kitu. Kwa usahihi mi nauheshimu sana, kichwa kinatulia kama kimewekwa kwenye jiwe.

Lakini uliza tena, inashika nini? Inashika visanduku. Visanduku vikitikisika, dunia inatikisika. Kuna kijana mmoja Ntinda aliniita nimwangalie, anasema kila akigonga ukingo wa barabara kwenye rali kichwa chake kinaruka. Nikakuta kisanduku kimoja amekiweka juu ya meza ileile iliyofungiwa usukani. Usukani wenye nguvu ukitetema, meza inatetema, kisanduku kinatetema, na miwani inaamini ni kichwa kinachotetema. Tulikihamishia ukutani kwa skrubu mbili, ikaisha. Kitu kingine ni vioo. Sebule zetu nyingi zina lile kabati la vyombo lenye milango ya kioo, leza inagonga pale inarudi, miwani inapata majibu mawili. Tundika shuka juu ya kabati wakati unacheza. Na kila kisanduku kina waya wake wa umeme, kwa hiyo navyo viingie kwenye UPS, vinakula umeme kidogo sana, vikizimika wewe uko kwenye kona huoni kitu.

Mfumo wa zamani zaidi ni kamera iliyosimama mbele yako inayokuangalia wewe. Oculus Rift ya 2016 ilikuwa hivyo, na PSVR ya kwanza ya mwaka huohuo. Kwa aliyekaa unafaa sana kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kichwa chako hakiondoki mbele ya kamera. Vifaa vyake ni vya mtumba sasa, kebo zake ni za aina yake, ikikatika kupata nyingine ni kazi.

Na hapa niseme jambo kwa wale ambao mfuko haujaruhusu. Si lazima miwani. Trakingi ya kichwa kwa skrini ya kawaida ipo, na kwa ndege ni nzuri mno. TrackIR 5 ni kamera ya infraredi inayosoma fremu 120 kwa sekunde, inafuata klipu yenye taa tatu uliyoivaa kwenye hedifoni. Ya bure ni opentrack, programu inayoweza kusoma uso wako kwa kamera ya laptopu tu. Mi nilianza kwa kujitengenezea: kamera ya zamani ya PlayStation 3, nikaifungua, nikatoa kile kichujio kidogo cha kuzuia infraredi nyuma ya lenzi, alafu nikahitaji kitu cha kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Nikavunja flopi diski. Ile sahani nyeusi ya ndani, nilikata kipande kama ukucha wa kidole gumba, vipande viwili juu ya kimoja, nikabandika mbele ya lenzi. Skrini ikawa nyeusi tii na ndani yake nukta tatu nyeupe, taa zangu tatu za infraredi nilizozichomelea kwenye waya wa USB na resista. Nukta tatu hizo zikisogea, programu inajua kichwa kimefanya nini, yote sita. Nilikaa naiangalia ile skrini nyeusi muda mrefu kuliko nilivyoruka ndege siku ile.

Ila usichanganye. Kwa skrini, unageuza kichwa nyuzi 20 na programu inakuza mpaka unaangalia nyuma ya bega, manake skrini haihami. Kwa VR ni lazima moja kwa moja, nyuzi 20 ni nyuzi 20. Ukikuza kwenye VR utatapika.

Kiti kinachotembea ndo kigumu kuliko vyote. Unavyojua, ukiwa ndani ya taxi inayopita kwenye mashimo, abiria mwenzako anakuona umetulia palepale kwenye kiti, mtu aliyesimama barabarani anakuona unarushwa. Miwani ni yule mtu wa barabarani. Inashika ukuta au visanduku vya ukutani, kwa hiyo kiti kikiinama mbele kuonyesha umefunga breki, miwani inasema kichwa kimeenda mbele, na unaingia kwenye dashibodi kila ukifunga breki. Wengine hufikiri wafunge visanduku kwenye kiti chenyewe visogee pamoja. Haikubali, kwa sababu chipu ndani ya miwani bado inausikia mwendo, leza inasema hakuna mwendo, mashahidi wawili wanapigana na picha inatetemeka. Njia inayofanya kazi ni kufunga kifaa cha pili cha kufuatiliwa kwenye fremu ya kiti, kama Vive Tracker, alafu programu inatoa mwendo wa kiti kwenye mwendo wa kichwa kinabaki kichwa peke yake. OpenXR-MotionCompensation ni programu ya bure na inafanya hivyo. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kiti cha mota, panga tangu mwanzo, na hapo mi naegemea Lighthouse.

Kabla ya kulaumu trakingi hakikisha ni yenyewe. Kichwa kimetulia na dunia inaelea au inatetemeka, hiyo ni trakingi. Kichwa kinageuka na picha inakatakata, nguzo zinaonekana mbilimbili, hiyo ni kompyuta imeshindwa kutoa fremu kwa wakati, manake kwa Hezi 90, yaani picha 90 kwa sekunde, ina milisekunde 11 tu kwa kila picha. Na kama unatuma picha kwa waifai kutoka kompyuta kwenda kwenye miwani na inaganda ghafla, angalia ruta. Nimeona watu wanauza miwani nzima kwa sababu ya ruta.

Na malalamiko mengi ya trakingi utakayosoma ni ya mikono, eti inapotea ukiipeleka nyuma ya mgongo. Wewe mikono iko kwenye usukani, yapite.

Ukienda kununua mtumba, ambapo wengi wetu ndo tunanunua, uliza kwanza programu bado inaungwa mkono. HP Reverb G2 ya 2020 ilipendwa sana na watu wa ndege kwa picha yake, lakini ilitegemea programu ya Windows Mixed Reality, na Microsoft waliiondoa kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Kamera zake nne ni nzima, lenzi nzima, na kwa apdeti moja inaweza kuacha kuwaka. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, mara nyingi ni hiyo.

Alafu ipime ukiwa umekaa. Beba kiti chenye pa kuegemeza kichwa, au tumia ukuta. Kisogo kiguse kabisa, bonyeza kurudi katikati, angalia usukani wa kwenye mchezo uko wapi dhidi ya saa za dashibodi, kumbuka. Endesha dakika 20, geuka, inama, angalia nyuma kama unarudi rivasi. Rudisha kisogo palepale usibonyeze kitu. Usukani ukiwa umehama upana wa kidole, chumba kina shida ndogo utairekebisha. Ukihama upana wa kiganja, iache. Muuzaji akikwambia dakika tano zinatosha kujaribu, mwambie mpwa wangu dakika tano za kwanza alikuwa sawa.